Taa ya UV haifungui dirisha

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alinigongea jioni moja ya mwezi wa nne, masika yamepamba moto, akataka nishuke nikanuse chumba cha wanawe. Ndivyo alivyosema: "Njoo unuse." Alikuwa amenunua taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, ile ya kuweka mezani yenye bomba lililokunjwa na rimoti, na muuzaji alimwambia inasafisha hewa na kuua kila kidudu. Mwanawe wa pili alikuwa na kikohozi kisichokwisha tangu mwezi wa pili. Kila jioni aliwapeleka watoto sebuleni, akaiwasha nusu saa, akaizima, kisha akawarudisha kulala. Chumba kilikuwa na harufu kali, kavu, kama inayobaki baada ya radi, au inayotoka kwenye mashine ya fotokopi iliyofanya kazi asubuhi nzima. Yeye aliiita harufu ya usafi. Nikamwomba tufungue dirisha. Akacheka: dirisha liko nyuma ya kabati.

Harufu ile ni ozoni. Baadhi ya taa za zebaki hutoa mionzi ya aina mbili kwa pamoja, mmoja wa nanomita 254 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) unaoua vijidudu, na mwingine wa nanomita 185 unaopasua oksijeni ya kawaida na kuigeuza ozoni. Huko juu angani ozoni inatukinga na jua. Ndani ya chumba inachokoza koo na mapafu, na mwenye pumu ndiye anayeumia kwanza. Jimbo la California, kule Marekani, haliruhusu kuuzwa kwa mashine ya kusafisha hewa ya nyumbani inayotoa ozoni zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni. Kwa hiyo mtoto mwenye kikohozi alikuwa akilazwa kila usiku ndani ya mabaki ya gesi inayokereketa kifua, na aliyefanya hivyo ni mama anayempenda, kwa pesa aliyoichanga.

Sisemi kwamba taa hizi ni utapeli. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mionzi ya urujuanimno inaua vijidudu kweli, na ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa dawa nyingi tunazonunua bila kuuliza. Tatizo ni kwamba imethibitishwa katika vyumba vya aina moja, na inauzwa kwa ajili ya vyumba vya aina nyingine kabisa.

Bibi zetu walikuwa na sehemu ya elimu hii walipotoa magodoro nje na kuyapiga jua. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, waliandika kwamba mchuzi wa maabara ulioachwa juani ulibaki safi, huku ule uliofichwa gizani ukichafuka kwa bakteria. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Lakini jua linalotufikia hapa chini halina mionzi mikali kuliko yote, ile iitwayo UVC. Angahewa inaizuia njiani. Godoro la bibi lilisaidiwa na mionzi hafifu zaidi, joto na ukavu kwa pamoja, tena kwa saa nyingi. Taa ya hospitali inazalisha UVC yenyewe, ya nanomita 254. Mionzi hiyo ikikipiga kidudu inagandisha pamoja herufi za vinasaba vyake, kikashindwa kujinakili. Hakiungui wala hakiyeyuki. Kinabaki pale pale, hakizai tena.

Aliyelipeleka wazo hili hewani ni William Wells, Mmarekani aliyeng'ang'ania, wakati wakubwa wa tiba wakimbeza, kwamba magonjwa husafiri katika chembe ndogo za pumzi zinazoelea chumbani kwa muda mrefu. Kuanzia 1937 alifunga taa za UV katika madarasa ya shule za Philadelphia na vitongoji vyake. Surua ilipolipuka mwaka 1941, madarasa yenye taa yaliambukizana kidogo kuliko yasiyo nazo. Kisha mwenzake, Richard Riley, akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisoma naliona kama hadithi: katika hospitali ya wanajeshi wastaafu kule Baltimore, alivuta hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu na kuipeleka kwenye vizimba vya simbilisi, wale wanyama wadogo mfano wa panya wasio na mkia. Simbilisi waliovuta hewa ya wodi jinsi ilivyo waliambukizwa. Wale ambao hewa yao ilipitishwa kwanza kwenye mionzi, hakuna hata mmoja.

Mkasa huo umerudiwa karibu na zama zetu. Lima, Peru, watafiti waliweka simbilisi juu ya paa la hospitali kwa siku 535, wakiwalisha hewa ya wodi ya chini yao. Siku ambazo taa za UV zilizimwa, hewa ilikwenda kwa kundi moja. Zilipowashwa, ikaenda kwa kundi jingine. Kundi la kwanza, asilimia 35 waliambukizwa kifua kikuu. La pili, asilimia 9.5. Matokeo hayo yalichapishwa 2009. Mwaka 2015 yakaja ya eMalahleni, Afrika Kusini, kwa njia hiyo hiyo, na taa zilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 80. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaziweka taa hizi katika mwongozo wake wa kuzuia kifua kikuu.

Sasa angalia taa hizo zilifungwaje. Zilikuwa juu ya vichwa vya watu, zaidi ya mita mbili kutoka sakafuni, zikimulika nafasi ya karibu na dari peke yake, zikiwa na vibati vya kuzuia mwanga usishuke kwenye macho. Feni zilisukuma hewa ya chini ipande, ya juu ishuke. Mafundi walipima nguvu ya mionzi kwa vifaa. Na zilikuwa zikiwaka muda wote watu wakiwamo chumbani, maana mgonjwa anakohoa akiwamo, hakohoi akiwa amepelekwa sebuleni. Taa ya jirani yangu ilifanya kinyume. Iliwaka chumba kikiwa kitupu, ikazimwa wenye vifua walipoingia. Kama mmoja wa watoto alikuwa na virusi vya mafua, kulala na kukohoa kwa muda mfupi kulitosha kukijaza chumba upya.

Kuna sura ya hadithi ya Wells ambayo wauzaji hawaitaji. Baada ya mafanikio ya Philadelphia, wengine walijaribu taa hizo katika shule nyingine, Marekani na Uingereza, na matokeo yakavunja moyo. Maelezo yaliyokubalika ni mepesi na yana mantiki: watoto wale walikuwa wakikutana kwenye mabasi, mitaani na nyumbani. Darasa lilikuwa mlango mmoja tu kati ya mingi, na kufunga mlango mmoja hakumzuii mgeni.

Ihamishe hoja hiyo kwenye familia zetu. Watoto watatu kitanda kimoja, wanakula sinia moja, mdogo anabebwa na dada mwenye mafua, wote wanarudi kwa daladala iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua. Watu wanaopumuliana usoni kwa umbali wa kiganja hawatenganishwi na taa iliyo mita mbili juu yao. Taa ina nguvu pale ambapo pumzi za watu wasiojuana zinachanganyika katika hewa ya chumba kikubwa: chumba cha kusubiri daktari, wodi, mahabusu, bweni. Nyumbani adui huyu hasafiri mbali kiasi cha kupitia kwenye taa.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Hewa mbaya ya nyumba nyingi za Kitanzania haitokani na vijidudu. Inatokana na moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia ndani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Hapa kwetu kuni na mkaa bado ndivyo vinavyopika chakula cha walio wengi. Ndiyo maana mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ongeza dawa ya mbu ya kuchoma, udi, ubani, vumbi la barabara isiyo na lami, jenereta la duka la jirani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouawa na UV, kwa sababu hakuna kilicho hai. Masizi hayana vinasaba vya kugandishwa. Chembe ya moshi inapita mbele ya taa na kutoka upande wa pili ikiwa vile vile ilivyoingia. Kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, haiguswi. Mtu akiwasha taa ya UV kando ya jiko la mkaa atakuwa na moshi ule ule, pengine umechanganyika na ozoni. Vumbi na moshi vinatolewa kwa chujio zuri au kwa kutolewa nje, na mashine nyingi zinazouzwa kwa jina la UV, zikisafisha chochote, ni kwa sababu ya chujio lililomo ndani. Taa ni ya kupendezesha bei.

Nizungumzie kidogo hivyo visanduku, maana ndivyo vinavyojaa kwenye kurasa za kuuzia bidhaa. Mionzi inaua kwa nguvu ikizidishwa na muda. Ukikatiza viwanja vya Jangwani saa saba mchana kwa mbio, huungui. Ukisimama pale mpaka alasiri, utaungua. Ndani ya sanduku la ukubwa wa chupa ya chai, feni inaipitisha hewa mbele ya kibomba kidogo kwa muda mfupi sana. Kidudu laini huenda kikafa. Mbegu za ukungu, hasa ule mweusi, zinahitaji dozi kubwa kuliko ya bakteria wa kawaida kwa makumi ya mara, nazo ndizo zinazosumbua nyumba za pwani. Tena hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 70 inaipunguzia mionzi makali yake, na mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kipimo kumwambia kwamba hali hiyo ndiyo maisha yake ya kila siku. Chumvi yenyewe inayeyuka kwenye kikopo.

Taa pia inazeeka kwa siri. Bomba la zebaki linadumu kama saa 9,000, yaani mwaka mmoja na siku chache likiwaka mfululizo, kisha mionzi yake inashuka hata kama mwanga wa buluu unaendelea kupendeza. Mwanga huo wa buluu sio unaoua; unaoua hauonekani kwa macho. Hapo ndipo walaghai walipopata upenyo. Balbu nyingi za zambarau za bei poa ni za nanomita karibu 395 au 400, ndugu wa zile za saluni za kukaushia kucha na za kaunta za kukagulia noti za elfu kumi. Zinang'arisha shati jeupe na kuonyesha alama ya noti. Kuua virusi hewani, hapana. Mimi mwenyewe niliwahi kununua taa ya zambarau ya kunasa mbu. Ilinasa nondo. Mbu waliendelea kufuata harufu ya ngozi na pumzi yangu, kama walivyoumbwa.

Na ile inayoua kweli ina hatari zake. Waulize mafundi wa kuchomelea vyuma: fundi anafanya kazi mchana bila miwani, jioni anakula vizuri na kutaniana, usiku wa manane anaamka macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. UVC inafanya hivyo hivyo. Huisikii wakati inakuunguza, na maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo taa ya wazi, juu ya stuli, katika chumba ambacho mtoto wa miaka minne anaweza kufungua mlango kufuata mdoli wake, kwangu ni hatari isiyo na faida ya kuilipia.

Kuna sehemu moja ya nyumbani ambayo watetezi wa UV wana hoja, nayo ni AC. Katika majengo yenye mabomba makubwa ya kusambaza hewa, taa inafungwa ikimulika mapezi ya baridi, vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, usiku na mchana, ukungu haupati nafasi ya kuota pale penye maji. Hapo muda haukosekani, kwa kuwa mapezi hayaendi popote. Lakini nyumba zetu zenye AC zina zile za ukutani, kila chumba na yake, zisizo na mabomba ya aina hiyo. Ukisikia harufu ya soksi mbichi unapoiwasha, mwite fundi aifungue, aioshe kwa pampu ya maji na kuzibua njia ya maji. Inashangaza jinsi watu wanavyokubali kulipia taa na kukataa kulipia kuosha.

AC hiyo ina kosa kubwa zaidi ambalo wengi hawalifahamu. Inapoza hewa ile ile. Haileti ya nje hata kidogo. Watu wanne wakilala na AC, milango na madirisha yamefungwa, hadi alfajiri wanavuta pumzi zao wenyewe zilizopozwa.

Hapa narudi Lima, kwa sababu kule kuna utafiti mwingine ambao naona una maana kubwa zaidi kwetu kuliko ule wa simbilisi. Mwaka 2007 watafiti walipima vyumba 70 katika hospitali nane za mji ule. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo, vilivyojengwa mahsusi kwa wagonjwa wa kuambukiza, vilikuwa na mara 12. Na majengo ya zamani, ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifikia mara 40, wakati mapya ya kupata hewa asilia yaliishia 17. Yaani wajenzi wa zamani, wasio na dawa za kifua kikuu, walijenga vizuri kuliko watoto wao wenye dawa.

Nikisoma takwimu hizo naliona jiji langu, Dar es Salaam. Nyumba za zamani za Upanga na Oysterbay zilikuwa na madirisha ya luva yaliyofunguka kuanzia juu hadi chini, matofali yenye matundu juu ya mlango, dari ya mbali. Leo tunajenga dirisha la aluminiamu la kuteleza, ambalo hata ukilifungua lote linabaki nusu. Tunateremsha dari ya jipsamu yenye madoido mpaka mtu mrefu anaigusa na pangaboi halina pa kuning'inia. Yale matundu ya juu ya mlango tumeyaziba kwa simenti, eti ni ushamba. Kisha tunatafuta kifaa cha kufanya kazi ya ukuta tulioharibu. Na hata kama ungetaka taa ya aina ile ya eMalahleni, dari hiyo ya jipsamu ni fupi mno kuifunga kwa usalama.

Sitaki kuwa mwepesi kwa wanaofunga madirisha. Malaria si hadithi. Wezi wa kuchokonoa kwa fimbo ndefu dirishani nao wapo, na mwenye nyumba kando ya barabara ya vumbi ana kila sababu ya kufunga mchana. Lakini wavu wa dirisha, chandarua kitandani, nondo imara, na dirisha lililofunguliwa pande mbili za nyumba ili upepo upate pa kuingilia na pa kutokea, vinashinda kisanduku chochote nilichowahi kuonyeshwa. Nyumba ikishindikana kabisa kufunguliwa, nunua chujio. Uliza mashine inasafisha mita ngapi za ujazo za hewa kwa saa. Muuzaji asiyejua jibu hajui anachouza.

Taa za UV nazitaka. Nazitaka kwenye zahanati ya wilaya ambapo wagonjwa mia wanakaa benchi moja kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, anayekohoa damu akiwa amepakana na mama aliyemleta mtoto kliniki. Nazitaka magerezani. Tanzania na Kenya zote ziliwekwa katika orodha ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, kwa hiyo hatuhitaji kutafuta matumizi. Tatizo la huko si la kisayansi, ni la bajeti: nani atabadilisha bomba mwaka ukiisha, nani ana kifaa cha kupimia, nani atafuta vumbi kwenye kioo chake. Taa iliyofungwa kwa sherehe na kuachwa miaka mitano ni pambo la buluu. Katika maduka nako, ningefurahi kuona sheria inayolazimisha sanduku liandikwe mambo matatu kwa Kiswahili: nanomita ngapi, ozoni kiasi gani, na bomba linadumu saa ngapi. Nusu ya bidhaa zingejiondoa zenyewe.

Kabati la jirani tulilisogeza Jumamosi, mimi, yeye na kijana wa duka la chini. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na plasta ilibanduka kwa kidole. Bomba la bafu la upande wa pili lilikuwa linavuja. Fundi alikuja baada ya mwenye nyumba kupigiwa simu mara sita. Mtoto amepelekwa kwa daktari, anachunguzwa pumu, sitaki kudai kwamba dirisha limemponya.

Taa imerudishwa kwenye boksi lake. Alitaka kuitupa, nikamwambia ina zebaki, ikivunjika kwenye jalala itaishia miguuni mwa watoto wanaookota chupa. Akaniuliza basi ipelekwe wapi. Nimepiga simu sehemu mbili, kila mmoja akanielekeza kwa mwenzake. Kwa sasa iko juu ya kabati.